Chakula cha Nyumbani Jamaa Wanapokutana

Hotuba kwa wajumbe wa vyama vya msingi na kamati za akina mama



Ni desturi ya mikutano ya ushirika kuzungumzia kilo, madaraja ya kahawa, malipo ya awali na malipo ya pili. Jiko halitajwi. Hata hivyo, mtu atakaye kujua fedha ya kahawa ya mkulima wa Kilimanjaro huishia wapi, hana budi apite jikoni kwake mwezi wa Desemba, ahesabu sufuria zilizo motoni, kisha aulize kila kilichomo kimetoka wapi na kimelipwa na nani. Majibu atakayoyapata huko hayamo katika daftari lolote la chama.

Kila mmoja hapa anaujua mwezi huo. Mabasi kutoka Dar es Salaam, Tanga, Arusha na Mwanza hupanda yamejaa. Watoto waliokwenda kutafuta kazi hurudi na watoto wao, na nyumba iliyokuwa na wazee wawili mwaka mzima huamka asubuhi ina watu arobaini. Wengine wamekuja kuona makaburi ya wazazi, wengine kuposa, wengine kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba ulioanza kabla hawajazaliwa. Lakini jambo la kwanza linaloulizwa na mgeni akishatua mzigo wake ni kama kuna mtori. Mtu aliyekula chakula cha mamantilie miezi kumi na moja hamwambii mama yake kwamba amechoka na dunia. Husema ana hamu ya mtori, na mama huelewa yote.

Chakula hicho hutoka katika kihamba, na kihamba ndicho kilichouzaa ushirika wa mlima huu. Wakulima walipounda chama chao cha kwanza cha wapanda kahawa mwaka 1925, na Chama Kikuu cha KNCU kilipoandikishwa mwaka 1933, mibuni ilikuwa imepandwa chini ya migomba, na migomba chini ya miti mirefu, na maji ya mifongo yakipita katikati. Mpango huo wa kilimo umesifiwa hata ugenini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviweka vihamba vya Shimbwe Juu miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia. Mbuni na mgomba hunywa maji ya mfongo mmoja na hulishwa samadi ya ng'ombe mmoja. Tofauti ni moja tu: kahawa imeandikwa kwenye vitabu tangu siku ya kwanza, ilhali ndizi haijapata kuandikwa. Kahawa ilihesabiwa kuwa mali ya baba, na ndizi ikaachwa mikononi mwa mama, ya kupika na ya kupeleka gulioni. Kwa kuwa haikuandikwa, wengi wamedhani haina thamani, na hapo ndipo hasara ya Desemba inapoanzia.

Yafaa ielezwe hasara hiyo inavyokwenda. Mwezi wa Oktoba na Novemba mama huhitaji fedha za sabuni, mafuta ya taa na dawa, naye hukata mikungu mizuri na kuipeleka Mwika au Marangu Mtoni, ambako magari hupakia kuelekea Dar es Salaam. Huuza kwa bei ya mnunuzi. Desemba ikifika, kihambani hakuna mkungu uliokomaa, na wageni wako njiani. Basi hununuliwa ndizi za mtu mwingine kwa bei ya sikukuu. Pamoja nazo huchukuliwa dukani, kwa mkopo, mchele, mafuta, soda na nyama, maana baba anaona haya kuwalaza wageni bila pilau. Deni huandikwa katika daftari la mwenye duka. Januari shule zinafunguliwa, ada na sare zinadaiwa, na mwenye duka naye anadai. Malipo ya kahawa yamekwisha kuliwa. Kilichobaki ni maua na matunda machanga ya msimu unaofuata, na hayo nayo yana wanunuzi wanaojua saa ya kupita nyumbani kwa mtu. Mkoani Kagera desturi hiyo ya kuuza kahawa ingali mtini huitwa butura, na serikali imeipiga vita. Kilimanjaro haina haja ya kuitafutia jina. Mwanachama aliyeuza kwa namna hiyo huja ghalani mwezi wa Agosti mikono mitupu, na karani wa chama hushangaa kilo zimekwenda wapi.

Wasidhani akina baba kwamba yanayosemwa hapa ni ya kuwazuia watu kula. Watu wale, na washibe. Kinachodaiwa ni kwamba karamu nzuri ya jamaa inaweza kutoka kihambani kwa sehemu kubwa, kwa gharama inayojulikana kabla ya mgeni wa kwanza kufika. Kwa hiyo mapishi na hesabu vitakwenda pamoja.

Tuanze na mtori, kwa kuwa ndio chakula cha wote: mzee asiye na meno, mtoto mdogo, mama aliyejifungua, na kijana aliyelala usiku kucha ndani ya basi. Ndizi yake ni mshare, mbichi, iliyokomaa lakini haijaanza kulainika. Ndizi iliyoanza kuiva huuharibu mtori kwa utamu, na vitunguu haviwezi kuuficha. Mpishi hupaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla ya kumenya, ili utomvu usimgande, na kila ndizi iliyomenywa huitumbukiza mara moja katika maji isigeuke nyeusi. Nyama hutangulia. Huchaguliwa yenye mifupa, kama vile kidari au miguu, maana mtori hupata ladha yake kwenye mfupa. Huchemshwa kwa moto wa wastani, povu likitolewa, mpaka nyama iachane na mfupa kwa kuguswa tu. Hapo mifupa hutolewa, nyama huchambuliwa, na ndizi hutiwa katika supu ile ile. Supu ikipungua huongezwa maji ya moto, kamwe si ya baridi.

Ndizi zikiiva hupondwa kwa mwiko zingali motoni. Hapa ndipo haraka inapoonekana. Mpishi mwenye papara huacha mabonge, kisha huyaficha kwa kuongeza maji, na kinachopatikana ni supu yenye vipande. Mtori mzuri ni mzito kuliko uji wa mgonjwa na mwepesi kuliko ugali, nao hudondoka kwenye mwiko polepole. Vitunguu na nyanya kidogo hutiwa, na mwishoni siagi ya nyumbani au kikombe cha maziwa, kisha chumvi huonjwa. Viungo vya dukani havihitajiki. Siku hizi wako wanaotia unga wa viungo vya pilau katika mtori, na wazee hula kwa adabu bila kusema neno. Ukimya huo ungetosha kuwafundisha.

Machalari hayasumbui. Ndizi hukatwa vipande na kupikwa pamoja na nyama, vitunguu na nyanya bila kupondwa, na mchuzi huachwa kidogo. Ndicho chakula cha mchana kwa watu wengi, kwa sababu sufuria moja hutosheleza wote na haihitaji kitoweo cha pembeni. Siku ambayo nyama ni haba, kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, hushika nafasi yake bila aibu yoyote. Maharage yalowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, na yachemke sawasawa kabla ya ndizi kuingia. Maharage yasiyoiva vizuri huumiza tumbo, na huokoi kuni kwa kumpeleka mtoto zahanati. Nazo ndizi zilizopondwa na maziwa mgando, ambazo sehemu nyingi huitwa kitawa, hufaa jioni watu walipokwisha kula nyama mchana kutwa. Majina ya vyakula hivi hubadilika mtu akitoka Rombo kwenda Kibosho na Machame, na kila upande huapa kwamba wenzao hawajui kupika. Ugomvi huo ni wa heri, uachwe.

Mbuzi wa ndafu na supu ya kisusio ni kazi ya wanaume, nao huijua vizuri. Neno moja tu linafaa kuongezwa: mbuzi anayefugwa na kunoneshwa nyumbani tangu Machi ni akiba inayokula majani, na anayenunuliwa tarehe 23 Desemba ni deni lenye miguu minne. Ugawaji wa nyama uheshimiwe kama zamani. Katika ukoo kila kiungo kina mwenyewe, na mzee aliyepewa sehemu yake mbele ya watu huondoka akijua kwamba bado ni mzee. Nyumba nyingi zimeacha desturi hiyo kwa kuona ni usumbufu, nyama ikakatwakatwa yote na kutiwa sufuriani. Tangu hapo manung'uniko hayaishi, na watu hawajui yametoka wapi. Kuhusu mbege, wapishi wanajua kwamba ndizi mbivu na kimea cha ulezi havina haraka. Pombe inayotakiwa sikukuu huanza kushughulikiwa kama wiki moja kabla.

Sasa hesabu. Ichukuliwe nyumba ya wazee wawili wenye watoto sita waliooa au kuolewa, kila mmoja na mwenzake, wajukuu ishirini, na majirani na ndugu sita. Hao ni watu 40, nusu yao wakubwa na nusu yao watoto. Mpishi mzoefu hahesabu mikungu, huhesabu vidole. Machalari ya mchana yakikadiriwa kwa vidole vitano kwa mtu mzima na vitatu kwa mtoto, vinahitajika vidole 160. Ikiwa mkungu una vidole 80, hiyo ni mikungu miwili. Mtori wa asubuhi uchukue mkungu mmoja. Jamaa wakikaa siku tatu, jumla ni mikungu tisa. Nyama, kwa robo kilo kwa mkubwa na nusu ya hiyo kwa mtoto, ni kilo saba na nusu kwa mlo mmoja. Wakipewa siku moja ya kiburu na siku moja ya mbuzi wa nyumbani, nyama ya kununua kwa milo ya mchana ni ya siku moja tu, pamoja na mifupa ya mtori. Mchele, pale unapopendwa, kilo moja hutosha watu wanane ukiwa peke yake. Ukiandaliwa pembeni ya ndizi, kilo mbili na nusu hutosha nyumba yote, na mchele wa Chekereni si lazima usafiri mbali.

Mikungu tisa si mingi kwa kihamba kinachopata samadi. Tatizo ni kuikuta ipo. Mgomba utakaokatwa Krismasi huwa umekwisha kuchanua miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mama anaweza kuuona na kuuchagua. Afunge kamba migomba hiyo tisa, au kumi na moja kwa tahadhari ya upepo na wezi, na baba akubali mbele ya watoto kwamba yenye kamba haiuzwi. Fedha ya sabuni ya Oktoba itoke kwenye kahawa. Akina baba watauona ugumu hapo, na ni vema wauone. Ndizi zimekuwa zikiilipia nyumba matumizi ya kila siku ili kahawa ionekane imebaki nzima, kisha kahawa hiyo hiyo ikaliwa na duka.

Watoto walio mijini nao wachangie kwa kuandikwa. Barua au simu ipigwe mwezi wa Septemba, si Desemba, na kila mmoja atajiwe kitu, asiachiwe kusema kwamba ataona. Aliyeko Mwanza alete samaki wakavu, aliyeko Dar es Salaam mafuta ya kupikia na sukari, asiye na kazi alete mikono yake. Wenye uwezo waweke kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo tangu Juni, kwa jina la mama wa nyumba, maana ndiye atakayezitoa. Mchango unaokuja mfukoni mwa mtu usiku wa mkesha haununui chakula kwa bei nzuri. Aghalabu hununua bia.

Wajumbe wanaofundisha historia ya ushirika huwataja wale watu 28 wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji na mafundi. Hutajwa kanuni zao, lakini ni nadra kutajwa walichokuwa wakiuza. Duka lao lilifunguliwa tarehe 21 Desemba 1844, siku nne kabla ya Krismasi, na bidhaa zake zilikuwa unga wa ngano, siagi, sukari, oti na mishumaa, basi. Vilikuwa vitu vya jikoni. Nao walikataa kuuza kwa mkopo, kwa kuwa walikuwa wameona familia za wafanyakazi zikifungwa na madeni ya chakula katika maduka ya mji. Ushirika haukuanza katika ghala la mazao ya kuuza ng'ambo.

Jambo la kazi halina budi kusemwa pia. Katika nyumba nyingi mke wa mwana, ambaye amesafiri usiku mzima sawa na mumewe, hupokewa kwa kisu na karai la ndizi. Kwa siku tatu haketi na jamaa aliokuja kuwaona. Husikia vicheko kutoka nyuma ya moshi, na hula mwisho kilichobaki. Mwaka unaofuata huugua ghafla wiki ya safari, na mama mkwe husema mkamwana amebadilika. Mgawanyo wa zamu unatosha kuponya ugonjwa huo. Wavulana wachote maji, wapasue kuni siku mbili kabla na kuzianika, na waoshe sufuria. Wanaume wanaoweza kumchuna mbuzi kwa kisu kidogo bila kutoboa ngozi hawashindwi kumenya ndizi. Bibi mkubwa asimamie na kuonja, kwani hiyo ndiyo heshima yake, na wajukuu wa kike na wa kiume wakae karibu naye. Mtoto wa mjini anayejua chipsi peke yake hatajifunza mtori kwa kuletewa bakuli sebuleni.

Vyama vya msingi vinaweza kufanya nini? Kipo kitu kimoja kilicho ndani ya uwezo wa hata chama kidogo, nacho ni vyombo. Nyumba moja haina haja ya sufuria tatu za kulisha watu hamsini kwa siku tatu za mwaka, wala haina fedha za kuzinunua, na kukodisha mjini ni ghali. Chama kikitenga sehemu ndogo ya ziada yake, kwa kibali cha mkutano mkuu, kinaweza kununua sufuria kubwa nne, miiko yake, karai na ndoo zenye vifuniko, na kuziazima kwa wanachama kwa ada ndogo ya matengenezo. Zitatumika Krismasi na Pasaka, harusi, ubatizo, maulidi na misiba. Kila chombo kipigwe namba kwa rangi isiyotoka. Daftari lionyeshe jina la mwanachama, namba ya chombo, siku ya kutoka, siku ya kurudi, na hali kilivyorudi, pamoja na sahihi mbili. Katibu asiwe ndiye mtunza vyombo. Kamati ya akina mama ichague mtunzaji wake na taarifa isomwe kila baada ya miezi mitatu. Vyama vilivyowahi kununua baiskeli, mizani au pampu za dawa bila daftari la namna hii vinajua vilikoishia.

Mwisho kuna chakula kinachobaki, ambacho pia ni mali. Mtori na machalari visiachwe sufuriani hadi kesho yake vikiwa vuguvugu. Vigawanywe katika vyombo vidogo vipoe upesi, vifunikwe, na asubuhi vichemshwe tena hadi vitokote kabla ya mtu kuonja. Nyama mbichi iliyobaki ikaushwe juu ya moto usiku ule ule. Maganda ya ndizi na vigogo vya migomba iliyokatwa apewe ng'ombe, na majivu ya mafiga yarudi kihambani. Majirani wasioweza kutoka wapelekewe bakuli zao kabla ya wageni kufunga mizigo. Daftari la migomba yenye kamba linaweza kufunguliwa katika kila chama tangu mkutano wa Agosti, na makatibu wanaotaka mfano wa daftari la vyombo wataupata ofisini kwa Chama Kikuu, siku za kazi, kabla ya saa nane mchana.